Kutoka mstarini hadi ofisi ya mtaa: mwongozo kamili kwa kiongozi wa wanafunzi kando ya Ziwa Victoria

Kura zikishahesabiwa na majina kusomwa mstarini, kaka mkuu na dada mkuu wapya huwa na ahadi nyingi kuliko wiki zilizobaki kwenye muhula. Maji yatapatikana, uji utakuwa mzito, choo cha wasichana kitapata mlango, mpira mpya utanunuliwa. Mimi ni mwalimu mlezi wa serikali ya wanafunzi katika sekondari ya kutwa upande wa Ilemela, Mwanza, hatua chache kutoka ziwani. Nimeona viongozi hodari wakichoka mapema, wala si kwa uvivu. Walishika mambo kumi kwa mpigo, na hakuna hata moja lililofika mwisho. Kwa hiyo kila mwaka nawaambia viranja wangu neno hilohilo: shika jambo moja, dogo, linalohesabika, ulimalize mbele ya macho ya wale linalowahusu. Hapo ndipo walimu wataanza kukusikiliza, na mwenyekiti wa mtaa naye.

Nitatumia mfano wa zamu ya maji na kichocho, kwa kuwa ndio tulioufanya, na kwa kuwa unagusa shule na mtaa kwa pamoja. Ukiwa Mabatini, kwenye kingo za mto Mirongo, jambo lako linaweza kuwa taka zinazoziba mto. Ukiwa Kirumba karibu na mwalo wa samaki, huenda ni wenzako wanaokosa vipindi kwa sababu alfajiri wako kwenye dagaa. Njia ni hii hii.

Hatua ya kwanza: pokea ofisi kwa maandishi

Kabla ya kutangaza lolote, kaa na viongozi wanaoondoka. Waombe daftari la mihutasari, funguo, na orodha ya mali: fagio, reki, makwanja, ndoo za kunawia mikono, mipira, sanduku la maoni. Hesabuni pamoja, kimoja kimoja, kisha mtie saini pande zote mbili mwalimu mlezi akishuhudia. Ukiruka hapa, mwezi wa tatu utaulizwa makwanja mawili yaliyopotea kabla hujaingia madarakani, na hutakuwa na jibu.

Jua pia cheo chako kinaishia wapi. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa mamlaka hayo mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Kiranja hayumo. Kumchapa mwenzako, kumpigisha magoti juani au kumnyima zamu ya chakula si kazi yako, hata kama kiranja wa jana alifanya hivyo na hakuna aliyemgusa. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimeona madhara yake: mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyechapwa na kiranja hatamwambia kiranja huyo ukweli tena, na kiongozi asiyeambiwa ukweli hajui aanzie wapi.

Hatua ya pili: zunguka darasa kwa darasa

Sanduku la maoni liendelee kuwepo, ila usilitegemee peke yake. Omba kwa mwalimu wa taaluma dakika 15 kila darasa, ndani ya wiki mbili. Nendeni wawili: mmoja anauliza, mwingine anaandika maneno kama yalivyosemwa. Yatosha maswali matatu. Ni kitu gani kinakuchelewesha kufika shuleni au kinakutoa darasani? Kinatokea wapi na saa ngapi? Nani ameshajaribu kukitatua, na aliishia wapi?

Swali la pili ndilo lenye nyama. “Maji ni shida” huwezi kulifanyia kazi. “Zamu ya maji ya Kidato cha Pili B inakula kipindi cha kwanza chote kila Jumatatu” unaweza, kwa sababu sasa unajua darasa, siku na saa.

Darasa moja lilikaa kimya mpaka dakika ya mwisho, ndipo msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. Alisema zamu ikimkuta anaingia ziwani mpaka magotini, kwa sababu pembezoni maji yana matope, na dumu la lita 20 halijai usipolizamisha. Akaongeza kwamba akitoka miguu inamwasha mpaka vipindi vya mchana. Hakulalamika, alieleza tu kama mtu anayetaja njia ya kwenda kwao. Katibu aliandika yote. Kazi yetu ya miezi mitatu ilitoka kwenye mistari ile minne ya daftari.

Hatua ya tatu: chagua jambo moja na ulipime

Andikeni ubaoni kila mlichosikia, kisha mpunguze. Yanayohitaji bajeti ya halmashauri, kama vyumba vya madarasa, yapelekeni kwa mkuu wa shule kwa maandishi, mbaki na mengine. Yanayohusu mwalimu mmoja mmoja yapelekeni kwa mwalimu mlezi faraghani. Katika yaliyobaki, tafuteni lile linaloweza kwisha ndani ya wiki 12, ambalo mtoto yeyote akiulizwa “limekwisha?” atajibu ndiyo au hapana.

Viranja wangu walianza na “kuelimisha jamii kuhusu kichocho.” Niliwauliza watajuaje siku wamemaliza. Wakanyamaza. Walirudi siku ya pili na sentensi hii: “Ifikapo mwisho wa muhula, hakuna mwanafunzi atakayeingia ziwani kwa ajili ya zamu ya maji.” Hiyo inahesabika. Unasimama pwani ya ziwa Jumatatu saa moja asubuhi, unahesabu.

Halafu jifunzeni jambo lenyewe vizuri kuliko watu mnaokwenda kuwaeleza. Mwombeni mhudumu wa zahanati au kituo cha afya aje awafundishe ninyi kwanza. Kwa kichocho, mlolongo ni huu: mayai ya minyoo hutoka na kinyesi au mkojo wa mgonjwa, yakifika majini yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwenye konokono wa maji, vinakua, vinatoka vikiwa tayari kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Hakuna haja ya kunywa. Kukanyaga kunatosha. Kwa hiyo kinga iko sehemu mbili: miguu isiingie, na kinyesi kisifike ziwani. Maji yaliyochotwa bila konokono na kutulia kwenye pipa siku mbili, vijidudu hivyo hufa vyenyewe. Kunywa ni habari nyingine, hapo lazima yachemshwe au yatiwe dawa. Aliyekwisha kuambukizwa hutibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli, na kipimo cha vidonge ni kazi ya mhudumu wa afya, siyo ya kiranja.

Kuna kosa moja utalikuta kila mtaa wa kando ya ziwa, na ukilijua mapema utaeleweka: watu husema “mimi sikojoi damu, sina kichocho.” Kinachosumbua zaidi kwenye fukwe zetu ni kichocho cha tumbo, ambacho hukaa kwenye mishipa ya utumbo na ini. Kile cha mkojo hupatikana zaidi bara, kwenye madimbwi na mabwawa ya kule Kwimba na Misungwi. Mtu anaweza kukojoa maji meupe miaka yote na ini linaendelea kuharibika.

Usiogope kuwa wachache. Mtandao wa vijana wa Roots & Shoots, ambao leo uko nchi nyingi duniani, ulianzia Dar es Salaam mwaka 1991 kwa wanafunzi 12 waliokaa barazani na mtafiti wa sokwe Jane Goodall. Sisi tulikuwa saba.

Hatua ya nne: kikao chenye muhtasari unaosukuma kazi

Kikao cha baraza kina mpangilio wake: kufungua, kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, ajenda mpya, mengineyo, kufunga. Vijana huikimbilia ajenda mpya kwa sababu ndiyo yenye maneno matamu. Mimi nawasimamisha kwenye yatokanayo. Hapo ndipo mtu anaulizwa mbele ya wenzake: ulitumwa wiki iliyopita, umefikia wapi?

Linganisha. Muhtasari mmoja ulisomeka: “Wajumbe walijadili suala la maji kwa kina na kukubaliana lifuatiliwe.” Nani afuatilie? Kwa nani? Lini? Hakuna ajuaye. Tuliuandika upya: “Kiranja wa afya na katibu wataenda ofisi ya mtaa Jumatano saa 9:30 alasiri wakiwa na barua ya mkuu wa shule, kuomba matumizi ya kioski cha maji. Watatoa taarifa kikao cha Ijumaa.” Kila uamuzi uwe na jina, siku na kitu cha kuleta. Usipokuwa na vyote vitatu, hamjaamua bado.

Kikao kisizidi dakika 40. Akidi isipotimia, ahirisha na uandike umeahirisha.

Hatua ya tano: fuata ngazi

Mpango wenu kwanza aujue mwalimu mlezi, kisha mkuu wa shule. Mkuu akikubali, barua ya kwenda nje ya shule inatoka ofisini kwake, na ninyi mnaipeleka. Mjini inakwenda kwa Mtendaji wa Mtaa na Mwenyekiti wa Mtaa. Huko Ukerewe penye vijiji, ni Mtendaji wa Kijiji. Jambo likivuka mtaa mmoja, linapanda kwa Mtendaji wa Kata na Afisa Elimu Kata, na linaweza kufika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti. Kuruka ngazi kunaonekana haraka, lakini yule uliyemruka ndiye atakayeulizwa maoni mwishoni.

Rasimu ya barua andikeni wenyewe, mkuu airekebishe. Iwe fupi namna hii:

“YAH: OMBI LA KUTUMIA KIOSKI CHA MAJI KWA WANAFUNZI. Wanafunzi wetu wa zamu huchota maji ziwani kwa kuingia majini, jambo linalowaweka katika hatari ya kichocho. Tunaomba waruhusiwe kuchota kwenye kioski cha mtaa kuanzia saa 12:30 hadi saa 1:15 asubuhi, siku za shule. Gharama ya maji italipwa na shule. Wanafunzi watashiriki usafi wa eneo la kioski kila mwezi. Tunaomba nafasi ya kufika kueleza.”

Angalia: shida ni sentensi moja, ombi lina saa, mlipaji ametajwa, na kuna kitu shule inatoa. Barua isiyotoa chochote inasomwa kama malalamiko.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Ijue. Usiende kuipunga kama bendera mbele ya mtendaji. Ikae moyoni, ikuondolee hofu ya kuingia mlangoni. Kama kata yenu ina baraza la watoto, muulize Afisa Maendeleo ya Jamii mnapelekaje mwakilishi wenu.

Hatua ya sita: ndani ya ofisi ya mtaa

Nendeni wawili au watatu, mchanganyiko wa wavulana na wasichana, kwa sare safi na ruhusa iliyoandikwa. Msiende jioni. Mkiingia, shikamoo kwa kila mtu mzima aliyemo, hata yule mama anayesubiri mhuri kwenye benchi, kwa sababu kesho yeye ndiye atakuwa kwenye foleni ya kioski. Mzee akiwa Msukuma na wewe una Kisukuma cha kuazima, “mwangaluka” ya asubuhi au “mwadila” ya jioni hufungua uso kuliko utangulizi wowote. Subirini mwambiwe mkae.

Dada mkuu wetu alizungumza hivi, nami nilikuwa nyuma kimya: “Shikamoo mwenyekiti, shikamoo mama mtendaji. Tumetumwa na mkuu wa shule, barua ni hii. Watoto wa mtaa huu ndio wanaosoma kwetu, na zamu ya maji inawaingiza ziwani. Tumekuja kuomba dakika 45 za kioski asubuhi. Tungependa pia kusikia shida ya mtaa kuhusu kioski hicho, tuone tunasaidiaje.”

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyobeba ombi. Mwenyekiti aliegemea kiti, akasema akina mama wanalalamika vichaka nyuma ya kioski vimekuwa choo cha wapita njia, na mvua ikinyesha vyote vinateremka ziwani. Yaani mtaa nao ulikuwa na kichocho chake, ila uliita vichaka. Tuliondoka na ruhusa ya majaribio ya mwezi mmoja, na mwaliko wa kusema kwenye mkutano wa wakazi.

Kwenye mkutano huo mtapewa dakika tano. Zingatieni mambo mawili tu. Epukeni lawama: mama anayefulia ziwani anafulia huko kwa sababu ana sababu zake, na ukimtia aibu hadharani hutampata tena. Jambo jingine, msivae wala kubeba chochote chenye rangi ya chama. Mkipigwa picha na mgombea kwenye shughuli ya shule, kazi yenu itapewa mwenyewe mwingine kabla ya jua kuzama.

Fedha

Hapa nataka ujifunze kutokana na kosa letu. Mwaka mmoja tulikubaliana kila mwanafunzi alete shilingi 500 za kununua fagio na glovu. Nia ilikuwa njema na kiasi kidogo. Hatukuwa na kibali cha maandishi, hatukuwa na risiti, na fedha zilikaa kwenye begi la mweka hazina. Ndani ya wiki moja wazazi watatu walikuwa getini. Walikuwa na haki. Tangu Januari 2016 hakuna ada katika shule za serikali hadi Kidato cha Nne, na Kidato cha Tano na Sita wakafuata mwaka 2022. Mzazi akisikia shule inachangisha lazima aulize nani ameruhusu. Tulirudisha fedha zote, na mimi niliomba radhi mstarini kwa sababu nilikuwa mlezi na sikuzuia.

Kwa hiyo: viongozi wa wanafunzi msikusanye fedha. Ombeni vitu na nguvu kazi. Mwenye duka la vifaa anaweza kutoa reki mbili, mzazi fundi akatoa siku moja ya kufunga mlango. Kila kilichotolewa kiandikwe siku hiyohiyo: kitu, idadi, aliyetoa, aliyepokea, kilipowekwa. Pakiwa na ulazima wa fedha, mkuu wa shule na bodi ndio wenye utaratibu. Ninyi tajeni mahitaji tu.

Siku ya kazi yenyewe

Chagueni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ni siku ya usafi kitaifa, majirani watakuwa nje na fagio tayari, na hamtahitaji kuwaita. Barua za wazazi zirudi na saini kabla, na jina la mwanafunzi liandikwe anapofika na anapoondoka. Mwalimu mmoja au wawili lazima wawepo. Anzeni saa 1:30 asubuhi, mmalize saa nne kabla jua halijawa kali.

Hakuna anayeingia majini. Hata kama chupa inaelea mita moja kutoka ukingoni, iacheni ielee. Fukwe zenye magugumaji na matete huficha mengi, na baadhi ya maeneo yetu yana viboko na mamba. Anayeokota taka avae glovu au mfuko mgumu mkononi. Sindano na vioo viachwe kwa mtu mzima. Pembeni kuwe na maji ya kunywa, sabuni na kisanduku cha huduma ya kwanza.

Hesabuni mlichofanya. “Tulifyeka mita 60 na kujaza viroba 22” inaingia kwenye taarifa. “Tulifanya usafi mkubwa” haisemi kitu.

Ukiletewa siri nzito

Ukiaminika, siku moja mwenzako atakuvuta pembeni akueleze kitu kisichohusu maji. Anapigwa nyumbani, kuna mtu mzima anamsumbua, anaandaliwa ndoa. Usimuahidi kwamba hutamwambia mtu. Mwambie: “Asante kwa kuniamini. Hili ni kubwa kwetu sote wawili, twende kwa mwalimu tunayemwamini.” Usichunguze, usimkabili mtuhumiwa, usiandike jina lake kwenye daftari la baraza. Mwalimu wa malezi, Afisa Ustawi wa Jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi ndio wenye kazi hiyo. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo, na wewe mwenyewe unaweza kuipiga kama mtu mzima aliye karibu ndiye tatizo. Ukishamfikisha, baki kuwa rafiki yake.

Masomo na makabidhiano

Uongozi usikule. Tengeni siku mbili kwa wiki za shughuli za baraza, basi. Kila kiranja awe na msaidizi wa kidato cha chini, ili siku ya mtihani kazi isisimame. Viongozi wa Kidato cha Nne waanze kukabidhi mapema, kwa sababu Novemba mtihani wa taifa haumwachi mtu na kichwa cha kusikiliza malalamiko. Na kabla ya kukabidhi, rudini kwenye madarasa yale yale mliyoanzia, mkawasomee walichosema.

Sisi tulirudi Kidato cha Pili B. Katibu alifungua daftari akasoma ile mistari minne kama ilivyo, kisha akauliza nani bado anaingia ziwani. Wengi walitikisa kichwa. Mikono miwili ilinyanyuka nyuma: Jumatatu foleni ya kioski ni ndefu, akina mama wanafua sare za wiki, na wao wakiona saa inakwenda huteremka ziwani kimyakimya wasichelewe mstarini. Yule msichana wa dawati la mbele akasema saa ya Jumatatu isogezwe nyuma, ianze saa 12:00.

Katibu aliandika. Ndiyo namba ya kwanza kwenye yatokanayo ya viongozi wapya, na pembeni kuna jina la kiranja wa afya atakayekwenda kwa mwenyekiti Jumatano.